Dirisha la Upande wa Barabara

Sufuria ya Nedra Stutzman ilikuwa na kazi mbili. Siku za jua ilipika tambi, na siku za mvua ilikaa juu ya kochi, chini ya dirisha la upande wa barabara, ikikinga matone. Trela walimokuwa wakiishi, nyumba ya kukokotwa na gari, lilikuwa na umri wa miaka sitini, na madirisha yake yalikuwa yale yale liliyotoka nayo kiwandani: vipande virefu vya kioo vinavyofunguka vyote kwa pamoja ukizungusha kishikio cha chuma, na ambavyo havijapata kufungika sawasawa tangu siku ya kwanza.

Barua ya wenye kiwanja cha matrela ililetwa siku ya mvua. Mumewe, Orval, aliisoma akiwa amesimama, maana kochi lilikuwa limekaliwa na sufuria.

"Wenye kiwanja wapya hawa," alisema. "Wanasema kuanzia tarehe mosi Mei hakuna trela lililozidi miaka kumi litakaloruhusiwa kukaa hapa Sycamore Bend."

"Kumi?"

"Kumi. Mimi soksi zangu zimezidi miaka kumi."

"Soma mpaka mwisho, Orval. Watu hawa huwa wanaacha mlango wa nyuma."

Kweli mlango wa nyuma ulikuwepo. Isipokuwa trela la kale lililo katika hali nzuri, barua ilisema, kwa idhini ya meneja, baada ya kulikagua. Orval akarudia maneno hayo mara tatu, kila mara polepole zaidi. Nedra alimtazama usoni, akajua anachowaza. Viwanja vingine vyote kuanzia Elkhart hadi mpakani mwa Michigan vilikuwa na sheria hiyo hiyo ya miaka kumi, na trela lao lisingepokelewa popote. Nedra angekwenda kwa binti yao Darlene huko Toledo, kwenye chumba cha juu chenye kitanda kimoja na ngazi kumi na nne, yeye na nyonga yake mbovu. Orval angekwenda kwa kaka yake Merl, nyuma ya banda la matrekta. Walikuwa wameoana kwa miaka arobaini na sita, na hawakuwa wametengana usiku ila siku alizolazwa hospitalini mmoja wao.

"Darlene anasema chumba kipo," Nedra alisema.

"Chumba cha mtu mmoja."

"Ndiyo, cha mtu mmoja."

Orval aliikunja barua akaitia mfuko wa shati. Huku kwetu Elkhart, mji wa viwanda vya matrela, huulizi mtu kama amewahi kuunda matrela. Unamuuliza alikuwa sehemu gani ya mstari wa kiwandani. Orval alikuwa kwenye milango na madirisha kwa miaka thelathini na mmoja, akifunga arobaini kwa siku wakati kazi ilipochanganya. Kama kulikuwa na kitu kimoja duniani alichokijua, basi ni trela kuwa katika hali nzuri.

"Nipe wiki tatu," alisema. "Watalikagua mpaka wachoke."

*

Alianza na sakafu. Chini ya sinki ubao ulikuwa umeoza kiasi kwamba bisibisi iliingia yenyewe bila kusukumwa. Akaukata, akatia plaiwudi mpya, akaenda kwenye magurudumu. Beringi zilikuwa zinalia kwa kukosa grisi, naye akazitoa na kutia nyingine. Mpaka hapo hakuna mtu angeweza kumlaumu.

Kisha akaenda kwenye duka la mabaki. Ndilo duka ambako viwanda vyetu hupeleka vilivyozidi, na huko unaweza kumpata mtu akinunua choo na usukani kwa bei ya chakula cha mchana. Orval alirudi na madirisha manne mapya yenye fremu nyeupe za plastiki na mpira mnene pembeni. Alirudi pia na mlango mweupe wenye kitasa cha kubonyeza na taa za nyuma zisizoingiza maji. Uso wake ulikuwa unang'aa. Hakuwa na uso huo tangu kiwanda kifungwe.

Nedra alitoka na fimbo yake akaviangalia vilivyopangwa nyasini.

"Mlango wetu una shida gani?"

Mlango wao ulikuwa wa alumini, umeviringwa juu, una kidirisha cha duara katikati kama cha meli.

"Bawaba zimelegea. Umechoka."

"Na mimi bawaba zimelegea. Nimechoka. Mbona hujanipeleka duka la mabaki?"

"Wewe hukaguliwi tarehe ishirini na tatu, mama."

"Barua imesema la kale, Orval."

"Imesema katika hali nzuri. Hali nzuri ni hii hapa. Gusa huo mpira. Uguse tu."

Nedra aliugusa. Mpira ulikuwa mzuri kweli.

Akafanya kazi siku sita. Alichomoa misumari ya ribiti mmoja mmoja, akang'oa madirisha ya zamani, akatia mapya, akaziba kingo kwa gundi nyeupe aliyoilainisha kwa kidole kilicholowa mate, kama alivyofundishwa na msimamizi wake mwaka wa kwanza kazini. Msimamizi huyo alikuwa na msemo mmoja tu: kilichochakaa kitoke. Orval aliushika kama wengine wanavyoshika sala.

Vilivyochakaa akavipeleka kando ya barabara. Hiyo ndiyo desturi yetu: usichokihitaji unakiweka ukingoni na kipande cha boksi kilichoandikwa BURE, halafu unaingia ndani na kukaa mbali na dirisha. Apitaye anachukua, hasalimu, hashukuru, wala hadaiwi chochote. Kitu unachopewa mkononi ni jambo jingine kabisa. Hicho utakilipa, kama si leo basi wakati wa kuvuna. Lakini cha ukingoni hata mchungaji anaweza kukichukua bila aibu. Orval aliegemeza mlango kwenye nguzo ya sanduku la posta, akapanga madirisha manne na taa mbili nyekundu za kioo, akaandika BURE kwa herufi zake za kiwandani, zilizosimama wima kama ribiti. Kabla ya chakula cha mchana kila kitu kilikuwa kimeondoka, pamoja na boksi lenyewe.

Mvua ya Jumapili ilipokuja, wote wawili waliketi kochini wakaliangalia dirisha jipya. Maji yalishuka nje ya kioo, na ndani hapakudondoka hata tone.

"Unasikia?" Orval aliuliza.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hivyo. Husikii kitu."

Nedra akaifuta sufuria na kuirudisha kabatini.

*

Meneja alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu aitwaye Tamsin Kreider. Alikuja na mabuti ya mpira na kile kibao cha kuandikia kwa kidole. Alisalimu vizuri. Alifunga mlango mpya, akaufungua, akaufunga. Alirukaruka kidogo juu ya sakafu. Orval alimfuata hatua kwa hatua, mikono nyuma, akitaja kila kipuri kwa jina.

"Ni trela la mwaka gani, Bwana Stutzman?"

"Kibati cha kiwanda hicho hapo karibu na mlango. Miaka sitini."

"Halionekani kuwa la miaka hiyo."

"Asante," Orval alisema.

Msichana aliangalia kibao chake, akamwangalia Nedra, kana kwamba mwanamke mwenzake atamsaidia.

"Hapana, namaanisha ni zuri sana. Shida yake ni kwamba ni zuri kama la mtu yeyote. Haya ya kale tunayaacha kwa sababu ya sura. Wageni wanayapenda. Wanapiga picha." Akageuza kibao awaonyeshe. "Kama hili, la Daktari Finch, kule kwenye kona. Ni la aina hii hii, sivyo?"

Kwenye picha lilikuwapo trela lililong'arishwa mpaka mti wa jirani ulionekana ubavuni mwake. Mlango ulikuwa na kidirisha cha duara, na madirisha yalikuwa ya vipande vya kioo.

Orval aliikaribia picha. "Hayo madirisha yanavuja."

"Sijui kama yanavuja."

"Nakwambia yanavuja. Nimeyafunga elfu na elfu ya namna hiyo. Hata yakitoka kiwandani yalikuwa yanavuja."

"Lakini yanapendeza."

"Kwa hiyo nilitakiwa niliache livuje?"

"Sikusema livuje, Bwana Stutzman."

"Basi lisivuje."

"Lisivuje, lakini liwe kama zamani."

"Zamani lilivuja."

Msichana alikuwa amepata wekundu shingoni. Hakuwa mtu mbaya, na mimi sitamfanya awe mbaya. Alikuwa na mabosi huko Indianapolis waliokuwa wakingoja picha, nao walikuwa wamekwisha kumrudishia mbili wakimuuliza hili nalo la kale kivipi.

"Nikiwapelekea hili," alisema, "wataniambia ni trela kuukuu lililotiwa madirisha mapya."

"Ndivyo lilivyo," alisema Orval. Sasa hakuwa akibishana tena. Alikuwa akiuliza.

"Ndiyo. Na makuukuu ndiyo hayaruhusiwi." Akateremsha sauti. "Vile vya mwanzo viko wapi? Mkivirudisha tu, ninyi mnapita. Nitakuja tena tarehe thelathini."

Orval aliangalia barabarani. Ilibidi Nedra ajibu.

"Tulivitoa bure," alisema.

*

Siku mbili Orval alikaa kwenye ngazi ya trela, barua mkononi. Jirani zao waliopita walisema mlango mpya umetulia, naye akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho. Kilichomtesa hakikuwa hasira. Mtu akikosea kipimo anajua amekosea, anachukua ubao mwingine. Lakini yeye alipima vizuri, akakata vizuri, akaziba vizuri, na jumla yake ikatoka vibaya. Alirudi tena na tena mwanzo wa hesabu hakuona kosa.

"Wanataka kibovu," alimwambia Nedra. "Ila kibovu kizuri."

"Wanataka kilichokuwepo."

"Kilichokuwepo kilikuwa kibovu."

"Orval, aliyechukua vile vitu ni daktari. Wanda, jirani yetu, ameona gari lake. Nenda ukamwombe."

"Nikaombe kitu nilichokiandikia BURE kwa mkono wangu?"

"Ndiyo."

"Mtu akikiweka kitu ukingoni hakifuati. Hata Merl, na Merl hana aibu, hajawahi kukifuata kitu alichokiweka ukingoni."

"Basi utakwenda kuishi na Merl mkaambiane mambo ya aibu."

Alichukua fimbo akaondoka. Kutoka kwao hadi kwenye kona ni matrela kumi na saba, na nyonga yake iliyahesabu yote.

Daktari Finch hakuwa daktari wa watu wagonjwa. Aling'oa meno South Bend mpaka akastaafu, akanunua trela na kujiunga na chama cha wapenda matrela ya kale. Alikuwa na nyumba yenye gereji mbili, na hapa kwetu alikuja Ijumaa akaondoka Jumapili. Alimkaribisha Nedra kwa furaha, akampa kiti cha turubai. Nedra aliuona mlango wao wa zamani kabla hajakaa. Ulining'inia ukutani kwenye kibanda cha vifaa, umesuguliwa ukang'aa, na kikaratasi kimefungwa kwenye kitasa kwa uzi: Mlango, asili, haujaguswa.

"Umeuona?" daktari aliuliza. "Nimeuokota hapa hapa barabarani, huwezi kuamini. Na madirisha manne. Nikajiambia, mtu aliyevitupa hivi ama ni tajiri ama ni mwendawazimu."

"Ni mume wangu," Nedra alisema.

Daktari akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

Nedra akamweleza yote: barua, mpira mnene, msichana wa mabuti, Toledo na ngazi zake kumi na nne. Hakulia. Alieleza kama mtu anayesoma orodha ya sokoni, maana angeeleza vingine asingemaliza. Akiwa anaeleza, jicho lake lilipita kwenye mlango wa trela la daktari uliokuwa wazi, likaona beseni la plastiki juu ya kitanda, chini ya dirisha.

"Na lako linavuja," alisema.

"Vibaya sana. Lakini hainisumbui. Mvua ikianza huwa narudi nyumbani."

"Sisi mvua ikianza tuko nyumbani."

Aliyasema bila ukali, na daktari akageuka kuliangalia beseni lake. Kisha akasema madirisha mawili hana tena. Ameyapeleka kwa mtu wa Michigan, wakabadilishana na vitufe vya jiko. Yaliyobaki ni mawili, na mlango, na taa. Akasimama akaanza kuufungua ule uzi wa kikaratasi.

"Nitavipakia kwenye gari, nimpelekee mwenyewe."

"Hatapokea."

"Nampa tu. Sitaki senti."

"Ndiyo maana hatapokea. Daktari, wewe umekaa hapa misimu minne. Hujaona watu wanavyofanya?"

Mzee yule aliyesoma miaka mingi alikunja uso kwa kutoelewa. Nedra alijiinua kwa fimbo na kusema anaona mvua inakusanyika, afadhali arudi. Alipofika barabarani akageuka.

"Orval hutembea asubuhi," alisema. "Saa moja hivi. Hupita hapa."

*

Asubuhi iliyofuata, saa moja na dakika kumi, Orval alisimama kwenye kona. Ukingoni mwa barabara kulikuwa na mlango wa alumini umeegemezwa kwenye nguzo ya posta, madirisha mawili, taa mbili nyekundu, na kipande cha boksi. Mwandiko wa boksi ulikuwa wake mwenyewe. Trela la daktari lilikuwa limefungwa mapazia yote, na pazia moja lilitikisika kidogo.

Orval hakugonga. Hakuangalia kule. Alirudi akaleta gari, akapakia kimoja kimoja, na boksi akaliweka juu.

"Kuna mtu ametupa vitu vizuri sana kule kwenye kona," alimwambia Nedra mlangoni.

"Watu wengine hawana akili," alisema Nedra, akaendelea kuosha vikombe vilivyokwisha kuwa safi.

Ribiti alizozipiga kwa wiki nzima alizichomoa kwa siku mbili. Madirisha mawili yaliyopatikana aliyatia upande wa barabara. Upande wa nyuma, unaotazama mto, yakabaki meupe ya plastiki. Alifanya kazi kimya, na mara mbili Nedra alimkuta amesimama na dirisha mkononi, akilitazama kana kwamba limemsemesha kwa lugha ya watu wengine. Madirisha mapya yaliyotoka aliyafunga kwa blanketi akayasukuma chini ya kitanda. Hakuweza kuyapeleka ukingoni.

Tarehe thelathini Tamsin Kreider alisimama barabarani akatabasamu mpaka fizi zikaonekana. Alipiga picha ya mlango, ya madirisha, na ya kibati. Kisha akaanza kulizunguka trela.

"Kule nyuma ni mto tu," Nedra alisema.

Msichana alifika nyuma hata hivyo. Walimsikia amesimama. Mabuti yake hayakusogea kwa muda ambao Nedra aliuhesabu kwa mapigo ya moyo wake mwenyewe. Aliporudi, alikuwa anaangalia kibao.

"Fomu inataka picha ya upande wa barabara," alisema. "Nyingine haitaki."

"Lakini binti," Orval alianza, "lazima nikwambie kitu, kama fundi. Dirisha hili hapa, hili la kochini, lina—"

Fimbo ya Nedra ilitua juu ya kidole chake cha mguu ikabaki hapo.

"Lina miaka sitini," alimalizia Nedra.

"Linapendeza sana," alisema msichana. Aliandika kwa kidole, akatoa kibandiko cha kijani, akakibandika yeye mwenyewe kwenye kona ya kioo. Orval akakisoma. Kilisema trela limekaguliwa na lipo katika hali nzuri. Alikisoma tena, midomo ikitembea, na msichana alipokwisha kuondoka alikuwa bado anakisoma.

"Sasa ndiyo hali nzuri," alisema.

"Ndiyo."

"Wiki iliyopita haikuwa."

"Haikuwa, mume wangu. Ingia ndani."

Mvua ilikuja Alhamisi alasiri, wakati Nedra akichemsha tambi za kumwagia juu ya viazi, chakula cha huku kwetu. Ilipiga paa kwanza, kisha ubavu wa barabara, na baada ya kitambo tone la kwanza likaanguka kochini, karibu na goti la Orval. La pili likafuata. Orval alilitazama lilipotokea. Kisha akaivuta droo, akatoa ile gundi nyeupe.

"Nikitia kidogo tu hapa pembeni," alisema, "hakuna atakayeona."

"Itaonekana kwenye kioo."

"Kidogo tu, mama."

"Liache," Nedra alisema. "Lina kibali."

Orval akabaki na gundi mkononi, akiangalia kibandiko cha kijani na maji yanayopita nyuma yake. Nedra alizima jiko. Siku hiyo walikula saa kumi na nusu, mapema kuliko kawaida yao, kwa sababu sufuria ilikuwa inahitajika.